Samaki wa Orrin na Trei ya Keki

Ardis Loehr hakuwa mchoyo. Waliomwita mchoyo ni wale wasiojua tofauti ya mchoyo na mtu asiyependa kufanywa mjinga. Mwanamke aliyepika jikoni kwa shule miaka thelathini, akalisha watoto mia tatu kila siku kwa jibini la serikali na mahindi ya kopo, na hakuna hata mmoja aliyerudi kwao na njaa, huyo utamwitaje mchoyo? Alipostaafu walimpa zawadi ya saa ya ukutani. Aliigeuza nyuma, akaona ni plastiki tupu, akasema asanteni sana, akaenda kuitundika chooni.

Basi lile duka kubwa la vifaa vya uwindaji na uvuvi lilipofunguliwa kando ya barabara kuu, upande wote huu wa mashariki wa Ziwa Winnebago ulihamia huko. Watu walirudi wakisimulia maporomoko ya maji ndani ya nyumba, mlima wa saruji wenye dubu wanne waliokaushwa, bwawa la samaki lenye kioo kirefu kuliko basi la shule. Ardis aliwauliza swali moja tu: "Na kamba wanauza dola ngapi?" Hakuna aliyejua.

"Mmekwenda dukani mkatazama dubu, mkarudi," akasema. "Hilo si duka. Hilo ni basilika."

Jina likanasa. Hadi padri alisikika akisema anapita Basilika kununua soksi.

Miezi minne Ardis hakukanyaga huko. Na asingekanyaga kamwe, lakini Januari ile panya alitafuna kamba ya mkuki wake, na msimu wa sturjeni ulikuwa umebakiza wiki moja kuanza. Sturjeni ni yule samaki mkongwe, mrefu kuliko mtu mzima, anayechomwa kwa mkuki tu, kupitia tundu la barafu, ndani ya kibanda chenye giza, siku chache za Februari na basi. Bila kamba ya kuufunga mkuki, heri ubaki nyumbani uoshe vyombo. Zamani kamba ungeipata kwa Butch Thiel pale kona, lakini Butch alifunga duka lake mwezi wa Novemba. Nani alimfungisha? Ardis alimjua, na jina lake ameshalitaja.

Jumamosi asubuhi alipanda pikapu ya Elroy. Elroy alikuwa mdogo wake Orrin, marehemu mume wa Ardis, mseja mpole aliyetengeneza mashine za kukamulia ng'ombe na ambaye hajawahi kumaliza ubishi na mtu. Kibanda cha ziwani kilikuwa cha ndugu hao wawili. Sasa kilikuwa cha Elroy na shemeji yake.

Mlangoni msichana mwenye tabasamu la mshahara aliwaambia, "Karibuni nyikani kwenu!"

"Nyika yangu iko nyuma ya nyumba," Ardis akamjibu, "na haijawahi kuniuzia kitu."

Akaingia, mikono nyuma, akitembea kama mkaguzi wa afya. Glavu dola themanini na tisa. Alizivaa, akazivua, akazinusa. Fimbo ya kutembelea dola mia na arobaini.

"Fimbo, Elroy. Fimbo! Hivi miti imekwisha Wisconsin?"

"Hiyo inajikunja, shemeji."

"Na mimi najikunja. Nani ananilipa?"

Kisha akafika penye ndoo, akasimama kabisa. Ndoo nyeupe za plastiki, zile za galoni tano, ambazo achari ya matango ilikuwa ikiletwa nazo jikoni kwa shule. Katika miaka yake thelathini Ardis alikuwa amegawa mamia ya ndoo hizo, na hakuna mvuvi wa barafu kijijini ambaye hakuwa ameketi juu ya ndoo ya Ardis. Hizi zilikuwa zimepakwa rangi ya majani na kubandikwa mto mdogo juu ya kifuniko. Dola sabini na nne.

"Elroy, nishike," akasema.

"Shemeji, watu wanatutazama."

"Watazame! Watazame waone mtu mzima anavyouziwa ndoo ya achari bila achari!"

"Kamba," Elroy akamnong'oneza. "Tumefuata kamba."

Kamba ilikuwa dola hamsini na mbili, imefungwa ndani ya sanduku lenye picha ya mwanamume mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Butch alikuwa akikukatia kwa futi, na kipande kilichobaki anakupa bure. Ardis alisonya, akalirudisha sanduku mahali pake, akageuka kuondoka.

Ndipo alipomwona samaki.

Alikuwa ndani ya kabati la kioo, chini ya taa yake mwenyewe, amelazwa juu ya kitambaa cheusi. Samaki wa mti, urefu wa kiwiko hadi ncha ya vidole, kichwa chekundu, tumbo jeupe, mapezi mawili ya bati. Jicho moja kubwa kuliko jingine, kwa sababu fundi alichora la kwanza kabla ya kahawa na la pili baada ya brandi. Ardis akashika kioo kwa viganja vyote viwili.

"Elroy," akasema, na mara hii sauti haikuwa ya ugomvi. "Ndiye."

Elroy akavua kofia.

Samaki huyo Orrin alimchonga kwa kisu cha mfukoni miaka thelathini na mmoja kabla ya kufa kwake, ili amtundike ndani ya maji chini ya tundu la barafu, sturjeni amwone, aje kuchungulia. Alipokosa bati la mapezi alichukua trei ya kuokea keki ya Ardis, zawadi ya harusi kutoka kwa mama yake mzazi, akakata vipande viwili katikati kabisa ya kitako. Ardis alimnunia siku nne. Siku ya tano alioka keki katika trei ileile, ameziba matundu kwa karatasi ya foili, akaiweka mezani mbele ya mumewe bila neno. Hakununua trei nyingine tena. Kila Jumapili keki, kila Jumapili foili, na kila Jumapili Orrin akisema, "Nitakununulia nyingine, mke wangu," na Ardis akimjibu, "Thubutu."

Basi na huyo samaki aliyegharimu trei nzima, alivuta nini? Hakuvuta kitu. Aliogelea upandeupande kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Majirani waliotumbukiza birika la kahawa walipata. Aliyetumbukiza mguu wa kiti alipata. Orrin alikaa juu ya ndoo ya achari majira thelathini na moja ya baridi, mkewe ubavuni, wakitazama yale maji ya kijani, na hakuuona hata mkia. Ukimwambia abadilishe, anasema samaki wake bado anajifunza.

Alifariki Aprili. Julai Ardis alifungua mtumba gerejini, akauza vitu vya marehemu, maana asingeweza kuendelea kupita kila siku mbele ya viatu vyake. Na mitumba ya huku ina sheria yake ambayo haijaandikwa popote ila hata padri anaifuata: saa ya mwisho ni saa ya mfuko. Mtu analipa dola mbili, anajaza mfuko wa karatasi chochote anachotaka, na mwenye nyumba hachungulii ndani ya mfuko. Ukichungulia ni sawa na kumwita jirani mwizi. Ardis aliketi kawapa mgongo, akisema, "Chukueni, chukueni, malizeni." Mwanamke mmoja mwenye miwani ya jua, ambaye hakuwa jirani wa mtu yeyote, alijaza mifuko mitatu. Ardis hata alimfungulia mlango wa gari.

Oktoba alifungua sanduku la zana za kibandani, lililokuwa gerejini siku ile ya mtumba, akakuta samaki hayumo. Usiku ule hakulala. Tangu siku hiyo alikuwa akimuulizia kwenye kila mtumba, kila sherehe ya kanisa, kila baa, na msimu ulivyozidi kukaribia ndivyo alivyozidi kuona kwamba hawezi kuingia kibandani bila yeye. Mume wake hayupo, sawa, hilo lilishapita. Lakini kukaa pale gizani, uangalie tundu, na ndani yake hamna hata yule mlevi wa mti! Hilo hakuliweza.

Na sasa huyu hapa, ana lebo shingoni. *Kazi ya fundi asiyejulikana. Miaka ya 1930. Dola 345.*

Meneja alikuja, kijana aitwaye Tanner, shati lake la flaneli limepigwa pasi. "Naona umependa hazina yetu, mama."

"Hapa mmeandika fundi asiyejulikana. Asiyejulikana na nani? Mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na mitatu!"

Tanner alicheka kwa adabu. Ardis akamweleza yote: kisu, brandi, trei, mtumba, mfuko. Tanner alisikiliza akitikisa kichwa, akisema, "Kumbe! Ajabu! Kumbe!" Kisha akasema duka lilimnunua samaki huyo kihalali kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, na kwamba kila Jumanne wazee wanapunguziwa asilimia kumi, ila si kwa vitu vya kwenye kabati. "Halafu, mama, ungekuwa na uthibitisho wowote..."

"Uthibitisho? Nitakuletea uthibitisho mpaka ukimbie."

Jumanne alirudi na trei kwapani. Alidai kabati lifunguliwe. Mbele ya watu kama ishirini, akiwemo mzee mmoja aliyekuwa akijaribu buti za dola mia tatu kwa mguu mmoja, alimlaza samaki juu ya kitako cha trei. Pezi la kushoto likakaa juu ya tundu la kushoto, la kulia juu ya tundu la kulia, kila pembe na kila mkunjo mahali pake. Watu wakapiga makofi. Msichana wa mlangoni alifuta machozi. Tanner hata hakuitazama trei vizuri, alikuwa ameinama anaandika, anauliza, "Orrin kwa R mbili? Alikuwa akifanya kazi gani? Kiwanda cha karatasi? Safi sana. Safi sana, mama. Nipe hadi Ijumaa niongee na makao makuu."

Ardis alirudi nyumbani moyo mweupe. Alijiambia labda watampa. Na kama hawatampa, basi atalipa. Ndiyo, yeye, Ardis Loehr, atalipa dola mia tatu arobaini na tano kwa kitu alichokiuza ndani ya mfuko wa dola mbili, na aibu ataimeza. Alikuwa na akiba ya kununulia meno ya bandia kwenye kopo la kahawa. Meno yangesubiri. Samaki hangesubiri, kwani Jumamosi ziwa linafunguliwa.

Ijumaa alfajiri alikuwa wa kwanza mlangoni, na kopo mkononi. Kabatini samaki alikuwa na lebo mpya, kubwa, ya karatasi nzito yenye maandishi ya kupindapinda. *Kazi ya mikono ya Orrin Loehr, mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi, mwana wa ziwa hili. Mapezi yalikatwa kwenye trei ya harusi ya mkewe. Dola 640.*

Ardis alisoma mara mbili. Halafu akasoma tena, pengine macho yamemdanganya.

"Tumerekebisha!" Tanner alisema, uso umemng'aa. "Ulikuwa na haki kabisa, mama. Makao makuu wamefurahi mno. Sasa ana jina."

"Mmepandisha bei."

"Historia inaongeza thamani. Ndivyo ilivyo kwenye soko hili."

"Hiyo historia ni yangu! Nimekuletea mimi, bure, kwa miguu yangu!"

"Na tunakushukuru sana."

Ardis alifura hadi shingo ikawa nyekundu. Akaamua kumshusha bei samaki huyo yeye mwenyewe, kwa ukweli wenyewe. "Basi andika na hili. Huyu samaki ni bure kabisa. Hana faida. Miaka thelathini na mmoja hajawahi kuvuta hata sturjeni mmoja. Anaogelea kama mlevi. Ziwa zima lilikuwa likimcheka mume wangu!"

Tanner alitoa kalamu sikioni. "Miaka thelathini na mmoja? Na bado hakumtupa?" Akashika kifua. "Mama, naomba niandike hilo pia."

Ardis alitoka nje na kopo lake la kahawa, akaingia ndani ya pikapu, akalia kwa sauti, kilio cha hasira cha mtu mzima ambaye kila anachosema kinauzwa. Elroy aliwasha gari, akazunguka maegesho yote mara tatu, maana hakujua la kufanya lingine.

Jumamosi ilifika hivyohivyo. Saa moja asubuhi walikuwa kibandani, mlango umefungwa, tundu la ukubwa wa meza ya jikoni likiwaka kijani miguuni mwao. Mkuki ulining'inia ukutani, umefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo ambayo Ardis aliisuka mara tatu. Elroy alitumbukiza pini ya mchezo wa bowling, lile gogo jeupe linaloangushwa kwa mpira. Ndoo ya tatu, ya Orrin, ilikuwa pale pale pembeni na hakuna aliyeikalia.

Ilipofika saa tatu Elroy akasema, "Nina njaa."

Ardis akafungua mfuko wake. Alikuwa amebeba mikate yenye nyama ndani ya trei ileile, kwa sababu toka Jumanne haikuwa imetoka ndani ya mfuko huo, na asubuhi hiyo hakuwa na moyo wa kutafuta chombo kingine. Waligawana mikate. Trei ikabaki tupu magotini mwake, na mwanga wa maji ukapita kwenye yale matundu mawili na kumwangukia kwenye koti. Akaitazama. Ghafla hasira zote za wiki ile zikampanda pamoja: za ndoo, za fimbo, za lebo, za yule kijana na kalamu yake.

"Lete kipande cha kamba," akasema.

"Unafanya nini?"

"Kama mapezi wamenichukulia, basi nitatumbukiza kilichobaki."

Alipitisha kamba kwenye tundu moja, akaitoa kwenye jingine, akafunga fundo, akaizamisha trei. Ilishuka ikijipindua taratibu, ikimetameta, mara inang'aa yote, mara inapotea. Elroy alitaka kucheka, akaogopa.

Hazikupita dakika ishirini. Kwanza maji yalibadilika, kama mtu kavuta pazia. Kisha pua ndefu ikatokea ukingoni mwa tundu, halafu mgongo wenye magamba ya mifupa, halafu mwili, mwili, mwili usiokwisha. Sturjeni aliisogelea trei akaigusa kwa pua. Taratibu, kwa heshima kabisa.

"Yesu na Maria," Elroy akanong'ona. "Shemeji. Tupa. Tupa!"

Ardis alishaushika mkuki. Aliuachia moja kwa moja chini, nyuma ya kichwa, kama alivyowasikia wengine wakisimulia miaka thelathini na mmoja. Kibanda kilitikisika. Maji yaliruka hadi darini, kamba ya kuanikia nguo ikakaza mpaka ikalia, na Elroy alikuwa kalala kifudifudi, mikono ndani ya maji ya barafu, anapiga kelele ambazo hajawahi kupiga maishani mwake. Walipomvuta samaki juu ya barafu alikuwa mrefu kuliko Ardis kwa kichwa kizima.

Ardis alikaa kwenye theluji pembeni yake, maji yakiganda nguoni. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi kweli, na akapiga barafu kwa ngumi.

"Ilikuwa trei, Orrin!" akapiga kelele. "Miaka thelathini na mmoja! Ilikuwa trei yangu, mwanaume wewe!"

Kwenye baa wanakopimia samaki, mizani ilisema pauni mia na kumi na mbili. Afisa wa uvuvi alimuuliza, kama anavyowauliza wote, alitumia nini kumvuta. Ardis akanyanyua trei juu. Baa nzima iliinuka. Kufikia jioni hakukuwa na mtu upande wa mashariki wa ziwa ambaye hajasikia.

Jumatatu gari la Basilika lilisimama mbele ya nyumba yake. Tanner aliingia jikoni, kofia mkononi. Makao makuu, alisema, wangependa kuiweka trei ile kwenye kabati la kioo, pale mlangoni, penye dubu.

"Keti," Ardis akamwambia. "Kahawa? Wewe ulinifundisha, kijana. Historia inaongeza thamani, si ndiyo? Basi toa kalamu. Hiyo trei alinunua mama yangu mzazi kwa fedha za mayai. Andika. Umeandika? Imepanda kidogo hapo. Imeoka keki za Jumapili zaidi ya elfu moja na mia sita, ikiwa na foili. Andika foili. Ndiyo trei iliyonyimwa heshima miaka thelathini na mmoja, ikakaa kabatini, huku samaki wa mti anapelekwa ziwani. Hapo sasa imepanda vibaya mno. Unaona inavyopanda?"

Kalamu ya Tanner ilikuwa imesimama. "Unataka ngapi, mama?"

"Sitaki hela zenu. Nataka samaki. Umlete kesho saa nne. Trei niachie niioshe, bado inanuka ziwa."

Tanner alipiga simu akiwa nje kwenye theluji, nusu saa nzima, akitembea huku na huku. Kesho yake saa nne kamili alikuwa mlangoni na sanduku. Ardis alimtoa samaki, akampindua, akambusu kwenye lile jicho kubwa. Kisha akachukua mkasi wa jikoni, akakata lebo ya dola 640, akaiweka juu ya trei iliyooshwa ikang'aa, na kumkabidhi Tanner vyote pamoja.

"Hii lebo ni yenu," akasema. "Katika vitu vyote hivi, hiki tu ndicho mlichokichonga nyie."

Tanner aliinama, akashukuru, akaondoka akiwa ameibeba trei kwa mikono miwili.

Jumapili Elroy alikuja kula. Samaki alikuwa ananing'inia juu ya jiko, amegeukia upande kama kawaida yake. Harufu ya keki ya tufaa ilikuwa imejaa nyumba nzima. Ardis akafungua jiko, na Elroy akaona trei, na chini ya keki akaona foili ikichungulia kwenye matundu mawili aliyoyafahamu toka ujana wake.

"Shemeji! Si uliwapa?"

"Niliwapa trei ya mtumba wa kanisa. Senti hamsini. Nilichora matundu usiku, nikakata kwa mkasi wako wa bati, uko pale, asante."

"Lakini huo si... huo si udanganyifu?"

"Udanganyifu wapi? Walitaka hadithi, na hadithi nimewapa yote, haikupungua hata neno. Trei yenyewe waliiona mara mbili na hakuna aliyeitazama. Kula."

Elroy alikula vipande viwili. Kwenye cha tatu alikuta foili, akaitoa mdomoni, akaiweka pembeni ya sahani.

"Ungenunua tu trei mpya, shemeji," akasema. "Pale Basilika wanazo. Nimeziona."

Ardis akaweka kisu chini.

"Na bei," akamuuliza, "umeiona?"